Picha Zenye Ukungu

Kila Jumapili, kabla jua halijapanda juu ya miti, daktari wa meno aliegesha gari lake kando ya ukuta wa bustani ya dada yake, akavaa kofia yake ya ukindu, akaning'iniza kamera shingoni, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba, mwenye kliniki yake mjini, lakini humo bustanini hakuna aliyemwita Daktari. Dada yake alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao, na jina hilo halikuwahi kukua pamoja naye.

Bustani ilikuwa kubwa. Ukianza kumenya chungwa barazani, utakuwa umelimaliza na kulamba vidole kabla hujafika kwenye kijito kilichokuwa mpaka wake. Aliyeipanda ni shemeji, mume wa dada, mtu wa maneno machache aliyezungumza na maua zaidi kuliko na wageni. Alipofariki, dada mtu akaishika bustani kama alivyoishika shule aliyokuwa mwalimu mkuu wake kwa miaka ishirini na miwili. Matuta yalinyooka kama mistari ya wanafunzi, na mti uliochelewa kuchanua ulipewa onyo la kwanza, la pili, kisha msumeno.

Vipepeo peke yao ndio walioishi humo bila ratiba. Daktari alianza kuwapiga picha mwaka ule mkewe alipotangulia mbele ya haki. "Njoo huku upige vipepeo," dada yake alimwambia, "maana huko nyumbani unapiga miayo tu." Alikuja kwa kumridhisha, akanogewa. Baada ya miaka sita alijua kila kichaka hupata jua saa ngapi na mgeni gani hukitembelea. Kwa kuwa hawakujua majina ya kitabuni, ndugu hao wawili waliwabatiza wenyewe. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, aliyetaga kwenye milimau na kupita juu ya maua ya wenzake bila kuyatupia jicho, walimwita Shangazi. Wale weupe wenye ncha nyeusi, kama mikono ya shati iliyoingia wino, walikuwa Makarani. Na kulikuwa na mmoja mdogo, akifunga mbawa ni rangi ya gome kavu, akizifungua ni buluu tupu. Ila alizifungua kwa nadra, tena kwa kufumba na kufumbua. Huyo alikuwa Mtawa.

Kazi ya kuwapiga picha haitaki papara. Kipepeo haogopi mtu, huogopa kivuli cha mtu. Basi Daktari alijifunza kusogea huku jua likimpiga usoni, kuchuchumaa mpaka magoti yakalia, kubana pumzi na kungoja. Tegemeo lake lilikuwa mkono. Mkono huo ulikuwa umeng'oa magego kwa miaka thelathini, na mjini watu walisema ukienda kwa daktari yule, wakati wewe bado unasubiri kuumia, yeye ameshakuonyesha jino.

Mambo yalianza kwenda mrama mwezi ambao mvua zilikatika. Ilikuwa desturi yao, baada ya chakula cha mchana, kuziangalia picha za siku hiyo kwenye televisheni ya sebuleni. Dada alivaa miwani na kukaa wima kama anayesahihisha mitihani.

"Leo Shangazi kavaa mtandio?" akauliza.

Daktari akatazama. Kweli, kingo za mbawa zilikuwa na ukungu, kama mtu kapitisha kidole juu ya rangi mbichi.

"Upepo huo, Dada."

"Upepo gani? Nimeanika mashuka, hata pindo halikutikisika."

Akacheka, akasogeza picha nyingine. Nayo ilikuwa na ukungu. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, ila safari hii alisingizia lenzi. Dada alivua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa tena, akamtazama mdogo wake badala ya kutazama televisheni.

Jumanne yake, akaja kliniki fundi viatu.

Fundi huyu alikuwa na kibanda kwenye kona ya mtaa uleule, hatua chache tu kutoka mlango wa kliniki. Ndiye aliyepiga soli za Daktari miaka yote, na alikuwa na kawaida ya kubana misumari midogo midomoni, akiitoa mmojammoja huku akiendelea kupiga soga kwa upande wa mdomo uliobaki. Siku hiyo alikuja na jino lililotoboka. Kazi ndogo: kuchonga, kusafisha, kuziba. Sista, muuguzi aliyefanya kazi na Daktari kwa miaka kumi na minane, aliandaa vifaa, sindano ya ganzi ikapigwa, mashine ikaanza kulia.

Kilichotokea hakikuchukua muda wa kupiga chafya. Mashine iliteleza kwenye jino ikapita ndani ya mdomo wa chini. Damu ikajaa. Sista akawahi na pamba, fundi viatu akakaza mikono kwenye kiti, na Daktari, kabla hajafikiri, akasikia kinywa chake kikisema:

"Umejitikisa, mzee wangu."

Akamshona nyuzi tatu, kiwiko kakiegemeza kwenye mkono wa kiti. Alipomaliza, fundi viatu alisimama mdomo umevimba, akajaribu kuongea kwa ganzi ile.

"Samahani, Daktari. Nimekupa tabu. Lazima nilishtuka."

Daktari akamwambia asijali. Kwenye faili akaandika: *Mgonjwa alijitikisa.* Sista alikuwa akiosha vifaa, kageuzia ukuta uso, na maji yalimwagika kwenye sinki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuanzia hapo usingizi ukaanza kumpa mgongo. Kila asubuhi akipita pale konani alimwona fundi viatu ameweka misumari kwenye kifuniko cha kopo, kwa sababu midomo ilikuwa bado na kidonda, akiinama kuichukua, ukipotea mmoja anapapasa chini. Na kila asubuhi fundi alimwinulia mkono, "Shwari, Daktari?" naye akajibu shwari, akiharakisha hatua.

Ndipo akaipeleka kamera kwa fundi kamera. Aliipeleka kwa matumaini makubwa, kwani alikuwa ameshapiga hesabu yake kichwani: kama kamera ni mbovu, basi picha zina sababu yake, na kama picha zina sababu yake, basi huenda yule mzee alijitikisa kweli.

Fundi kamera aliifungua, akapuliza hapa, akapangusa pale, akaifunga. Akailenga kalenda iliyotundikwa ukutani, akapiga. Kila tarehe ilisomeka, hata yale maandishi madogo ya kiwanda cha karatasi chini pembeni.

"Kamera hii nzima kuliko mimi," akasema. "Hebu piga wewe."

Daktari akapiga. Wakazitazama picha mbili hizo juu ya meza. Kwenye ile ya pili tarehe nane ilikuwa imekumbatiana na tarehe tisa. Fundi kamera akakuna pua.

"Pengine leo hujanywa chai," akasema kwa upole, akamrudishia kamera bila kumtazama usoni.

Jumapili iliyofuata Daktari alikuja bustanini na stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Hakuwa ameileta tangu ainunue, maana aliidharau. Alisema ni fimbo ya kikongwe. Akaenda moja kwa moja kwenye milimau. Shangazi mmoja alikuwa ametoka kwenye kifuko chake muda si mrefu, ananing'inia chini ya jani akikausha mbawa. Kipepeo akiwa katika hali hiyo haendi popote, hata ukimsogelea mpaka umpumulie. Daktari aliweka kamera juu ya stendi akapiga picha kumi. Kisha akaitoa, akaishika mkononi kama siku zote, akabana pumzi, akapiga nyingine kumi.

Akakaa chini kwenye majani, akazitazama. Kumi za kwanza zilionyesha kila doa la manjano, hata vumbivumbi la mbawa. Kumi za pili zilikuwa ukungu. Si upepo, si lenzi, si chai. Akauweka mkono wa kulia juu ya goti lake akautazama kama anayemtazama mtu wa kuja. Kidole gumba kilikuwa kikisugua kile cha shahada, polepole, kama cha mtu anayepikicha punje ya mtama. Hakukiamuru. Alikiambia kisimame, kikasimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Kitinda."

Dada yake alikuwa amesimama nyuma yake kwenye njia, kiganja kakiweka shavuni.

"Shikamoo, Dada. Sikukusikia."

"Marahaba. Jino linaniua. Hili gego la chini, tangu juzi. Nimesukutua chumvi mpaka ulimi umechakaa. Baada ya chakula nataka unitoe."

"Twende kesho hospitali kubwa. Kuna daktari pale, kijana mzuri sana."

"Nikamfuate kijana nina mdogo wangu daktari? Koleo zako si unazo garini?"

"Ninazo."

"Basi?"

Daktari akasimama, akaanza kukunja stendi. Mguu mmoja ukakataa kuingia. Akausukuma, ukakataa.

"Leo sijisikii vizuri," akasema.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu. Nimechoka tu."

"Umechoka." Dada akaliweka neno hilo peke yake, kama mwalimu anavyoweka chaki mezani darasa likipiga kelele. "Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukatimiza miaka minne. Nilikufundisha kusoma kwa kijiti mchangani. Leo nakuomba jino moja, umechoka."

"Dada, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Makarani wawili walifukuzana juu ya vichwa vyao wakaenda zao upande wa kijito. Daktari akaitazama kamera, akaona njia ya kusema ambayo haikuhitaji maneno. Akamkabidhi.

"Tazama kumi za kwanza. Halafu kumi za pili."

Dada akavaa miwani, akazipitia zote moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Alipomaliza hakushangaa. Alikaa kwenye ukingo wa tuta, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mtu kulifanya.

"Baba alianza kwa kijiko," akasema.

"Nini?"

"Wewe ulikuwa mbali masomoni. Alianza kumwaga mchuzi, tukasema uzee. Halafu mwandiko wake ukawa unapungua. Barua ya kwanza herufi kama dengu, ya pili kama ulezi, mwisho tukawa tunasoma nzi. Miaka thelathini karani wa posta, akashindwa kuandika jina lake. Alituficha mwaka mzima. Alikuwa anaukalia mkono wake, hivi." Akauweka mkono wake chini ya paja. "Nawe, Kitinda, unakula chakula changu umeukalia mkono tangu mwezi wa pili."

Daktari akakaa karibu naye.

"Kwa hiyo jino ni uongo?"

"Jino linauma, tena sana. Lakini ningeweza kwenda kokote. Nilitaka nijue kama utathubutu kutia koleo kinywani mwangu." Akatema mate pembeni, akajifuta. "Ungekubali, sijui ningefanya nini."

Hapo ndipo Daktari akamweleza habari ya fundi viatu. Alieleza yote: mashine, damu, nyuzi tatu, na lile neno lililomtoka. Alipofika pale mzee alipomwomba samahani, akaanza kuchezea kamba ya kamera. Alingoja dada yake amwambie ni bahati mbaya. Dada hakusema hivyo.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilishuku."

"Na kesho una wagonjwa wangapi?"

"Saba."

"Basi kesho usimguse hata mmoja. Na yule mzee umwendee kwa miguu yako, usimwite ofisini."

Jumatatu asubuhi alimkuta Sista akifungua madirisha. Akamwambia afute miadi ya siku hiyo na ya siku zote zijazo, wagonjwa wote wapelekwe kwingine, na akamwambia sababu. Sista aliendelea kufungua dirisha la mwisho, akalitia komeo lake vizuri, ndipo akageuka.

"Wa kung'oa nimekuwa nikiwapunguza," akasema. "Ukiona siku hizi unapata wa kusafisha tu, ni mimi. Nawaambia Daktari ana shughuli, waende hospitali kubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya fundi viatu. Yule nilidhani kwa kuwa ni kuziba tu, hakuna neno." Macho yakamjaa machozi. "Nilipaswa kukuambia. Kila asubuhi nilikuwa nakuja na maneno yangu yamepangwa, nikifika hapa naogopa."

Kumbe muda wote Daktari alipodhani anaficha, alikuwa anafichwa yeye.

Akatoka, akaenda mpaka konani. Fundi viatu alikuwa akishona kiatu cha shule, kopo la misumari karibu na goti. Akamvutia mteja wake kigoda. Daktari akakaa, akasema moja kwa moja, kwa kuwa alijua akizunguka atapotea njia.

"Mzee wangu, siku ile hukujitikisa. Ni mkono wangu. Mkono huu una ugonjwa, unatetemeka. Nilishuku, nikaendelea na kazi. Kisha nikakusingizia."

Fundi akaendelea kushona mishono miwili mitatu. Halafu akaweka kiatu chini.

"Mimi nilienda nyumbani," akasema taratibu, "nikamwambia mke wangu, leo nimemwaibisha daktari wa watu, nimeruka kitini kama mtoto. Akanicheka. Tukacheka wote, mdomo unauma. Wiki nzima nasema mimi ni mwoga."

"Nisamehe."

"Kwenye faili langu uliandika nini?"

Swali hilo lilimkuta Daktari hana ngao.

"Niliandika mgonjwa alijitikisa."

"Kafute."

"Nitafuta."

"Si utafuta. Nenda sasa, kisha uniletee nione. Kusoma najua."

Daktari akarudi kliniki, akalitoa faili. Akapiga mstari juu ya yale maneno mawili na chini yake akaandika: *Mgonjwa hakujitikisa. Mkono wa daktari ulitikisika, naye alikuwa na shaka nao kabla ya kuanza.* Ilimchukua muda mrefu, maana herufi zilitaka kujikunyata na yeye hakukubali. Alitia sahihi na tarehe, Sista akatoa nakala, akaipeleka konani.

Fundi aliisoma kwa kuifuata na kidole, mara mbili. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye sanduku la zana, chini ya nyundo.

"Haya," akasema. Akaokota kiatu cha shule.

Daktari alisubiri neno lingine, halikuja. Akainuka, akarudisha kigoda mahali pake. Hakusamehewa siku ile, wala hakutukanwa, na mpaka leo hajui kipi kingemuumiza zaidi.

Bingwa wa mishipa ya fahamu alithibitisha kile ambacho picha zilikuwa zimeshasema. Alimpa vidonge, akamwambia haviponyi, vinatuliza tu. Nyumba ya kliniki ikachukuliwa na daktari mmoja wa kike, kijana, mwepesi wa mikono, na Sista akabaki naye. Gego la dada liling'olewa na yule kijana wa hospitali kubwa; dada akasema alifanya kazi nzuri ila anaongea mno, na kwamba angekuwa mwanafunzi wake angemhamishia dawati la mbele. Fundi viatu bado humwinulia mkono Daktari akipita, kama anavyomwinulia kila mtu. Humwita "mzee" tu. Lile jina la Daktari hajalitamka tena.

Sasa kwa kuwa hana kazi, Kitinda huenda bustanini hata siku za katikati ya wiki. Vidonge hutuliza vizuri zaidi asubuhi, na saa hizo hupiga picha akitumia stendi. Vipepeo wengi hawamsubiri. Mpaka afungue ule mguu wa tatu, wameshaondoka. Hivyo amehamia kwa viwavi, ambao hawana pa kukimbilia. Jumatano iliyopita alikuwa amepiga magoti mbele ya mlimau mdogo, akimlenga kiwavi mnene wa kijani aliyekuwa akitafuna jani la nne au la tano tangu asubuhi, wakati dada yake alipotokea na mkasi wa kupogolea.

"Huyo anamaliza mti wangu," akasema.

"Mwache, Dada. Bado sijamaliza."

Dada akautazama mkono wa mdogo wake ulioegemea stendi, ukitikisika kidogo, kisha akamtazama kiwavi. Akautia mkasi mfukoni mwa aproni yake.

"Nakupa mpaka saa sita," akasema, akaenda kumwagilia matuta ya upande wa pili.